Injini Iliyoita Mbuzi

Shaka iliyoninyima usingizi ilikuwa hii: fundi akishaitoa injini ya pikapu yetu, ile kuukuu isiyowahi kukataa kuwaka, halafu ile nyingine ikakataa kuingia, nyumbani tutabaki na nini? Nililigeuza swali hilo kitandani mpaka shuka likajifunga miguuni. Jibu nililijua. Tungebaki na toroli kubwa lenye namba za usajili, na mimi ningebaki kuwa yule binti aliyesomeshwa mpaka chuo kikuu ili aje aue gari la baba yake.

Nilisomea hesabu za bima. Kwa asiyejua, hiyo ni elimu ya kukadiria mabaya: nani atakufa lini, nyumba gani itaungua, gari gani litapinduka. Wenzangu walisoma wakapata kazi. Mimi nilisoma nikapata wasiwasi wa kitaalamu. Hakuna jambo ninaloweza kulifanya kabla sijawaza njia zote ambazo linaweza kuharibika, na nikishazimaliza huwa nimechoka kiasi kwamba silifanyi tena.

Nilikuwa nimerudi nyumbani, upande wa Muthetheni, kungoja kuitwa kazini. Nikiwa bado nangoja, mgongo wa baba ukakikataa kiti cha dereva, na mimi nikakabidhiwa pikapu "kwa muda". Kazi yake kubwa ilikuwa kubeba mizigo ya akina mama wa kijiji chetu kila siku ya soko hadi Masii. Sukuma wiki, nyanya, ndengu, maembe msimu ukifika, kuku waliofungwa miguu. Akina mama wenyewe walipanda nyuma juu ya magunia yao. Mkubwa wao kwa umri, ambaye kila mtu humwita Susu kwa sababu ni bibi wa kila mtu, alikaa mbele karibu nami akinieleza jinsi baba alivyokuwa akikata kona vizuri zaidi.

Shida ilikuwa petroli. Injini ile ilikunywa kama mjomba kwenye harusi isiyo yake. Nauli yote ya akina mama ilienda moja kwa moja kwenye kituo cha mafuta, na siku nyingine nauli haikutosha, nikaongezea za kwangu, yaani za baba. Kupandisha nauli hakukuwezekana, kwa kuwa waendesha pikipiki walikuwa wakitabasamu njia panda wakisubiri nifanye kosa hilo hilo. Baba akasema maneno ambayo aliyasema kwa upole, na ndiyo maana yaliniuma.

"Gari ikishindwa kujilisha, haiwezi kulisha mtu. Yule mzee wa mbuzi amekuwa akiniuliza. Anaitaka."

Mzee wa mbuzi ni mfanyabiashara wa mifugo, Msomali wa pale Masii, ambaye amejuana na baba tangu mimi sijazaliwa. Kila asubuhi ya soko hupita vijijini na pikapu yake ya diseli akinunua mbuzi barabarani, na alikuwa akitafuta ya pili. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Mtu mbaya ningemkataa kwa hasira nikalala vizuri. Huyu alikuwa akiniulizia afya kila tunapokutana.

Basi hali ilikuwa hivyo. Ama pikapu ijilishe, ama iende kubeba mbuzi. Ikienda, kazi yangu ya pekee ingeondoka nayo, na akina mama wangerudi kubeba nyanya kwa pikipiki, kila mmoja kivyake, nusu zikifika zimekuwa mchuzi.

Wazo la kubadilisha injini nililipata kwenye simu. Nilitazama video za watu wa nchi nisizozijua wakitoa injini ya petroli na kuweka ya diseli, wakieleza kwa lugha nisizozielewa, nami nikitikisa kichwa kama mwanafunzi wa dawati la mbele. Kisha nikaanza kuuliza watu. Kanisani baada ya misa wanaume waligawanyika. Wapo waliosema diseli ina nguvu na haina tamaa. Wapo waliosema fremu itapasuka, na mmoja akaonyesha kwa mikono jinsi itakavyopasuka, pole pole, mpaka nikaisikia. Kijana wa kituo cha mafuta nilipomuuliza alionekana kuhuzunika, nikaelewa kwamba mteja wake bora ni mimi.

Baba nilimuuliza mara nyingi kuliko wote.

"Wewe unaonaje?"

"Ni wewe unaendesha."

"Lakini ingekuwa ni wewe?"

"Ningekuwa naendesha."

Mtu kama mimi hahitaji uhuru. Anahitaji kukatazwa, ili alalamike.

Fundi nilimpata Machakos mjini, katika gereji ya uwanjani yenye mabati upande mmoja na mwarobaini upande mwingine. Alikuwa mtu wa maneno mengi ambaye hakuna gari lililowahi kumshinda, kwa maelezo yake mwenyewe. Akaipiga boneti kofi.

"Hii? Hii ni kazi ya kawaida. Diseli inaingia hapa kama mkono kwa mfuko."

"Na vile vishikizi vya injini, vitalingana?"

"Vitalingana."

"Na visipolingana?"

"Tunavilinganisha."

"Na giaboksi?"

"Injini inakuja na giaboksi yake, msomi. Hao wameoana, hatuwaachanishi."

"Na ile shafti ya kwenda nyuma ikiwa fupi?"

"Tunarefusha."

"Ikiwa ndefu?"

Akaacha kufuta mikono. "Dada, umeleta gari ama umeniletea mtihani?"

Nilimwambia nakwenda kufikiria kidogo. Nikavuka barabara, nikaketi hotelini, nikaagiza chai, nikafikiria, nikarudi kuuliza kuhusu joto la redieta, nikaenda tena kufikiria. Kila nilipovuka, mafundi wengine walicheka kwa sauti kubwa zaidi. Baadaye niligundua walikuwa wakiwekeana dau la soda: nitarudi au sitarudi. Fundi wangu alishinda soda nyingi siku hiyo.

Mwishowe sikuamua kwa ujasiri. Injini ya diseli iliyokuwa ikiuzwa, ya pikapu iliyogongwa nyuma huko Ekalakala, ilikuwa na mteja mwingine aliyekuwa njiani kuja kuiona. Uoga wa kuikosa ukawa mkubwa kuliko uoga wa kuipata. Nikasema, "Haya, fungua," kisha nikauliza kama inawezekana kufungua bila kufungua sana.

Baba hakuja. "Siwezi kutazama mgonjwa akipasuliwa," alisema. Mimi nilitazama. Injini yetu ilipanda ikining'inia kwenye cheni, ikidondosha mafuta meusi kwenye vumbi, ndogo kuliko nilivyofikiri. Nilijikuta nikisema pole. Fundi akadhani namwambia yeye, akajibu ahsante, ni kazi tu.

Ile ya diseli haikuingia kama mkono kwa mfuko. Iliingia kama mguu wa mtu mzima kwenye kiatu cha shule. Feni iligusa redieta, redieta ikasogezwa mbele, ilipokwenda mbele ikakutana na grili, grili ikapigwa nyundo. Kila hatua fundi alieleza kwamba ndivyo alivyokuwa amepanga. Kazi ilipokwisha palibaki boliti moja kwenye karai.

"Na hiyo?"

Akaiangalia, akaitia mfukoni. "Hiyo ni ya jana."

Lakini iliwaka. Iliwaka, ikatetemeka kama ng'ombe anayefukuza nzi, kisha ikatulia kwenye mngurumo mzito, na hata mimi nilitabasamu. Niliipima kwa kila namna niliyojua. Nilitazama moshi, nikatazama joto, nikainama kutafuta mvujo, nikaegesha mlimani nikaona kama itarudi nyuma. Nilikwenda kuandikisha namba ya injini mpya kwenye kitabu cha gari kabla mtu yeyote hajaniambia. Nilipofika nyumbani kutoka Machakos, mshale wa mafuta ulikuwa karibu pale pale ulipokuwa. Niligonga kioo chake kwa kidole, nikidhani umekufa. Haukuwa umekufa. Baba alitoka, akaizunguka pikapu, akasema, "Imenona." Nililala usiku huo kama mtu ambaye hakuwahi kwenda chuo.

Siku ya soko ikafika. Nilitoka alfajiri, nikapanda kilima cha shule ya msingi, na nilipoanza kushuka upande wa pili nikaona watu barabarani. Wamenisubiri, nikawaza, moyo ukapanda. Nilipokaribia nikaona ni wanaume. Kila mmoja alikuwa na mbuzi.

Wa kwanza akainua mkono, nikasimama. Akainama dirishani.

"Leo umewahi," akasema, kisha akaniona. "Aa. Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye gari."

"Ni mimi mwenye gari."

Alinitazama, akamtazama mbuzi wake, kama anayemwomba ushauri. Kisha akasema haidhuru, biashara ni biashara, akamshika mbuzi taya na kumfunua mdomo. "Tazama meno."

Kumwambia mtu kwamba hutaki hata kutazama meno ya mbuzi wake saa hizo za asubuhi niliona ni utovu wa adabu. Nikatazama. Nikasema ni meno mazuri. Nikatia gia nikaondoka, na kwenye kioo nikamwona bado ameshika taya, akisubiri bei.

Mbele palikuwa na mwingine, na mbele yake mwingine, mmoja na beberu mwenye hasira. Nyumbani kwa Susu, ambako hakujawahi kukosekana mtu, hapakuwa na mtu. Wala gunia. Kwa jirani yake hivyo hivyo. Barabara nzima, pale ambapo kila siku ya soko nilikuta akina mama wamesimama na mizigo imefungwa, niliona vumbi, mbuzi na wanaume wakinipungia.

Mtu mwingine angepiga honi. Mimi nilikadiria. Niliwaza kwamba wameamua kunihama. Kwamba wamesikia injini imetoka kwenye gari la ajali na wanaogopa. Kwamba harufu ya diseli itaingia kwenye sukuma. Kwamba siku zile gari lilipokuwa gereji wamezoea pikipiki, na sasa wanaona haya kuniambia, na nikipiga honi nitawalazimisha kutoka na kunidanganya usoni. Nikaona ni heshima kupita kimya. Nilipita kimya hadi Masii, na mshale wa mafuta haukushuka hata kidogo, nikajiambia kwa uchungu kwamba hatimaye nimepata gari lisilokula, maana pia halina kazi.

Niliegesha karibu na soko nikakaa ndani nikiwa nimefunga vioo. Jua lilipokuwa kali, mtu akagonga. Alikuwa mzee wa mbuzi, kofia mkononi, uso umejaa malalamiko.

"Binti yangu, umenifanya nini leo?"

"Nimefanya nini, mzee?"

"Nimefika kwenu, watu wananiambia nimeshapita. Mimi! Nimesimama mbele yao na miguu yangu, wananiambia nimepita. Mmoja amekasirika kabisa. Anasema nimetazama meno ya mbuzi yake, nimesifu, nimeenda bila kutoa bei. Namwambia si mimi. Anasema, basi ni msichana wako."

Nilitaka kuingia chini ya kiti. Yeye akanitazama, akatazama pikapu, kitu kikamjia.

"Hebu washa."

Nikawasha. Aliinamisha kichwa, akainua kidole, akaenda kwenye pikapu yake iliyoegeshwa mbele kidogo, akawasha nayo. Magari mawili yakanguruma pamoja, na hakuna aliyeweza kusema mngurumo wa hili unaishia wapi na wa lile unaanzia wapi. Mzee alipiga magoti yake kwa viganja, akacheka mpaka akashika mlango.

"Mapacha, wallahi! Mama mmoja, baba mmoja!"

"Kwa hiyo wale wa mbuzi walidhani…"

"Walidhani ni mimi. Na akina mama wako wakadhani ni mimi. Mimi nikipita, mama gani anatoka? Mimi sibebi sukuma."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho kila mtu kijijini alikijua isipokuwa dereva. Akina mama wale hawakuwa wakikaa barabarani kunisubiri. Walikuwa shambani na jikoni. Pikapu ilipoanza kupanda kilima cha shule, waliisikia, na hapo ndipo walipokata sukuma ili ifike ikiwa na umande wake, na ndipo walipowafunga kuku miguu ili wasiteseke bure. Muda wa gari kupanda kilima na kushuka uliwatosha kabisa. Ndivyo walivyofanya miaka yote ya baba. Hakuna aliyenieleza kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna cha kueleza, na mimi, niliyekuwa siku zote ndani ya ile sauti, nilidhani tu ni watu wanaoshika saa. Niliwahi hata kuwasifu kwa hilo mbele ya Susu. Alinitazama vibaya, nikadhani ni mambo ya kona.

Nilikuwa nimewaza fremu, feni, redieta, shafti, joto na kitabu cha gari. Nilikuwa nimeitoa kengele ya kijiji kizima nikaiacha kwenye vumbi la gereji.

"Niuzie," mzee akasema, sasa bila kucheka. "Sitapata gari nyingine ambayo mbuzi wanaijua tayari. Kesho jioni nakuja kwa baba yako."

Na ukweli ni kwamba nilisikia nafuu. Mtu wa wasiwasi akiona mlango wa kutokea, hata kama ni wa choo, huona ni mlango. Nilirudi nyumbani kwa njia ya kuzunguka ili nisipite mbele ya nyumba ya mama yeyote.

Baba alikuwa kibarazani, simu mapajani.

"Susu amepiga. Anauliza kama umeolewa ama umekufa."

"Kwa nini?"

"Anasema ni hizo mbili tu zinazoweza kumfanya mtu amwache bibi yake nyumbani na makreti ya nyanya. Wamekungoja mpaka jua likawa utosini."

Nikamweleza yote, pamoja na meno. Alisikiliza, akakohoa mara kadhaa kwa namna ambayo haikuwa kikohozi. Kisha nikamwambia mzee wa mbuzi atakuja kesho.

"Basi mwambie unachotaka kumwambia," alisema. "Mimi mgongo wangu umeshasema. Wewe hujasema."

Nilianza kuwaandikia akina mama ujumbe wa simu. Ulikuwa na utangulizi. Ulieleza tofauti ya mwako wa petroli na wa diseli. Niliusoma, nikaufuta, nikaandika mfupi uliosema "Samahani," nikaona ni mfupi mno kwa nyanya zilizoharibika, nikaufuta nao. Alasiri ya siku iliyofuata nilichoka kufuta. Nikaingia kwenye pikapu nikaenda kwa Susu.

Nilisimama langoni injini ikiwa inanguruma. Sauti yake ikatoka jikoni, ya juu.

"Mbuzi hatuna!"

"Susu, ni mimi."

Akatokea mlangoni, amefunga kanga kiunoni, kisu cha kukatia mboga mkononi. Aliangalia pikapu, ambayo aliijua kuliko mimi, akaniangalia mimi.

"Kumbe uko hai. Na pete sioni."

"Susu, nisamehe. Nilidhani mmenikataa."

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Niliwaza tu."

"Ulipita hapa mbele ya nyumba yangu, na mdomo uko nao, na honi uko nayo, ukawaza?"

Nikamweleza kuhusu injini. Alikuja akaweka kiganja juu ya boneti, akakunja sura.

"Na ile yetu iko wapi?"

"Imebaki kwa fundi."

"Ilikuwa na kifua kibaya," akasema, kwa huzuni ya kweli. "Niliisikia hata nikiwa kisimani." Kisha akanyoosha kisu kuelekea kilima. "Nenda mpaka shuleni, urudi. Nataka nisikie nikiwa jikoni."

Nikaenda, nikarudi. Nilipofika, jirani yake alikuwa amekwisha kuja, na mwingine alikuwa anavuka shamba. Susu akasema, "Sikusikia vizuri, nenda tena." Nikaenda tena. Niliporudi walikuwa wameketi kwenye ukuta mfupi wa mawe, wengine wamefumba macho, wakibishana.

"Hii inavuta pumzi kabla ya kona."

"Hata ya mbuzi inavuta."

"Ya mbuzi haivuti hivyo. Ya mbuzi inakwenda kama mtu ameiba."

"Wewe na masikio yako! Jana ni nani alisema ni ya mbuzi akarudi kulala?"

"Na wewe ulitoka?"

Wakacheka wote, na mimi nikiwa dirishani sikujua kama ninaruhusiwa kucheka. Susu akanipungia kisu: tena. Kilima kile nilikipanda siku hiyo kama mwanafunzi aliyechelewa anayepewa adhabu, na kila niliporudi nilikuta masikio zaidi kwenye ukuta ule. Mama mmoja alikuwa ameacha nguo kwenye karai, mapovu bado mikononi. Hawakuwa na haja ya kufanya hivyo. Pikipiki zilikuwa pale pale njia panda. Walikuwa wakijifunza injini yangu.

Nikiwa nimezima na kushuka ili nipumzike, tukaisikia ikipanda kilima.

"Ndiyo hiyo!" akasema mama wa mapovu, akasimama.

"Kaa chini. Yake hii hapa, imezimwa."

Ilikuwa pikapu ya mzee wa mbuzi. Ilishuka, ikapunguza mwendo ilipoona mkutano, ikasimama nyuma ya yangu. Mzee akashuka amevaa kanzu safi, ya kwendea kwa watu.

"Salaam alaikum. Leo nimekutana na mapokezi! Binti yangu, baba yako yuko?"

"Kufanya nini?" Susu akauliza kabla sijajibu.

"Nimekuja kununua hii gari, mama."

Nyuso zote ukutani zikanigeukia, na hakuna iliyoniomba kitu. Walikuwa wakitaka kujua tu kama wamefumba macho bure. Nilitafuta zile njia zote za mambo kuharibika, na kwa mara ya kwanza zilichelewa kufika. Aliyefika kwanza ni yule mama mwenye mapovu, ambaye bado alikuwa amesimama.

"Haiuzwi," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Nikairudia ikatoka kubwa kupita kiasi, mpaka mbuzi mmoja nyuma ya gari la mzee akaitikia.

"Haiuzwi, mzee wangu. Nitamwambia baba mwenyewe. Na siku ya soko nitapiga honi nikifika juu ya kilima, wewe usipige, ndiyo watu wetu wasichanganyikiwe."

Mzee akavuta ndevu zake nyekundu za hina. "Mimi nisipige honi kwa barabara ambayo nimepita kabla hujazaliwa?"

"Tafadhali."

"Na ukiona mbuzi mzuri, utatazama meno tena?"

Akina mama, ambao hawakuwa wamesikia habari ya meno, wakaanza kuulizana. Nilijua ningekuwa mzigo wa kicheko chao hadi mvua za vuli. Mzee akacheka naye, akasema haya, honi ni yako, akaenda kwa baba kunywa chai, kwa kuwa alikuwa amevaa kanzu na haikufaa ipotee bure.

Nikamgeukia Susu. "Nyanya zilizobaki ni nyingi?"

"Zilizobaki zinakaribia kuwa za ng'ombe."

"Leteni. Na sukuma, na chochote kilichokaa. Tunakwenda Machakos."

"Machakos? Leo si soko."

"Machakos ni soko kila siku."

"Hatujawahi kupelekwa Machakos. Baba yako alisema ni mbali, petroli itammaliza."

"Hii haiweki petroli."

Walitazamana kidogo tu. Kisha ukuta ukabaki mtupu, kila mmoja akakimbilia kwake, na mama wa mapovu akarudi akijifuta mikono kwenye sketi huku akiburuta kreti. Nilisaidia kupakia. Nilijua mambo mengi yangeweza kutokea kati ya pale na Machakos, na soko la jioni lingeweza kuwa limejaa nyanya bora kuliko zetu. Nikafunga mlango wa nyuma kwa kamba. Susu akapanda mbele, akaweka kikapu chake cha kiondo miguuni, akaniambia niangalie kona ya kwanza. Nikawasha, nikapiga honi ingawa kila mtu alikuwa tayari ameshapanda, na nikatia gia.